Ki ya Babu Silas

Waimea, 8 Februari 1988

Mwanangu Moani,

Pokea salamu zangu, pamoja na za baridi ya huku, maana tangu uondoke baada ya Krismasi mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata soksi. Hujambo? Kile kikohozi cha jangwani kimekuacha? Mimi ni mzima. Miguu inavimba jioni, lakini hayo ni mambo ya umri. Nyumbani kwema, isipokuwa kwa babu yako, na ndiyo sababu nimekaa kuandika badala ya kukupigia. Kwenye simu nikianza habari zake nalia, wewe unanyamaza, basi tunakata.

Hospitali wamemruhusu. Kiharusi kimemwachia miguu, anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia umelala. Ila kinachonitisha ni mdomo. Kule wodini alikuwa bubu kabisa, tukamwomba Mungu airudishe sauti. Mungu ameirudisha, mwanangu, lakini si ile tuliyoizoea. Kiingereza kimemtoka chote. Jina la mbwa halijui, neno maji halijui. Anaongea Kihawaii tangu asubuhi mpaka anapolala, mbio mbio, kama bomba lililozibwa miaka na miaka halafu likapasuka.

Na mimi binti yake simwelewi. Unajua alivyotulea. Alichapwa shuleni kwa kusema lugha ya mama yake, akaapa wanawe hawatachapwa kwa hilo. Mimi na mjomba wako Clifford tuliambulia maneno ya kugombezwa: njoo, acha, nyamaza, kula. Hayo hayatoshi kumuuguza mtu.

Kila alasiri anakaa barazani, ananielekezea kidevu ndani ya nyumba na kusema, "Ki. Ki." Nikadhani ni ufunguo, kama key ya Kiingereza. Nikamletea wa mlango, nikamletea wa gari, nikatafuta mpaka wa kufuli la banda la farasi. Akazitupa zote majanini. Kisha nikakumbuka kwamba ki ni yale majani marefu tunayopanda mlangoni kulinda nyumba. Nikakata shada zuri, nikamletea. Alinitazama kama anayemtazama punguani, akageukia ukutani.

Sasa anakataa kula. Nikimpondea magimbi na kumwekea bakuli la poi mezani analisukuma. Clifford alikuja Jumapili akasema, "Dada, mzee ameshapotea. Tutafute mahali mjini Hilo wanapotunza wazee, kabla hujaanguka wewe." Daktari naye anasema hajui Kihawaii, kwa hiyo hawezi kujua kama yale ni maneno au ni kelele tu.

Wewe ulikuwa unajifunza, si ndiyo? Ulisema umenunua kitabu. Nisaidie. Naogopa kuwa peke yangu naye.

Mama yako,
Verna


Las Vegas, 17 Februari 1988

Mama mpenzi,

Salamu nyingi sana, na pole. Mimi ni mzima, kikohozi kimepungua. Kazini bado nakata matunda ya karamu za hoteli. Juzi msimamizi aliniambia nipange mananasi vizuri "kwa sababu kwenu ndiko yanakotoka." Nikampangia.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni na sijapata usingizi tangu siku hiyo. Nisikufiche, Mama, kujifunza kwangu ni kwa kuokotezaokoteza. Maktaba ya mjini ina kitabu kimoja tu cha visiwa vyetu, nacho ni cha maua. Kile nilichoagiza Honolulu, wanachosomea wanafunzi wa chuo, nimefika somo la nne. Najua kusema "kalamu iko juu ya meza." Gitaa nililonunua kwenye duka la rehani ninalo, na nina kaseti moja ya mtu anayefundisha kulegeza nyuzi za gitaa kama wanavyopiga kwetu, kwa mtindo wa kawaida, ule ambao kila mtu anaujua. Nasimamisha kaseti, naigiza, nairudisha nyuma, naigiza tena. Jirani anagonga ukuta. Mtindo wa Babu hauko kwenye kaseti yoyote. Unakumbuka alivyokuwa akifanya akisikia mgeni getini? Anakaza nyuzi zote upesi zirudi kama za gitaa la dukani, mtu asije akamwibia sauti.

Lakini kamusi nimeifungua. Ki ina maana ya ufunguo, ni kweli, na yale majani, na pia ndilo neno la namna nyuzi za gitaa zilivyolegezwa. Mama, mtolee gitaa lake. Liko chini ya kitanda, ndani ya lile sanduku lenye kamba ya kufungia farasi.

Halafu fanya jambo moja zaidi. Chukua redio kaseti yangu ya zamani, weka kanda tupu, umrekodi anapoongea. Nitumie. Nitatafuta mtu wa kunisikilizia hata kama itabidi nigonge milango.

Na tafadhali, msitie saini karatasi yoyote ya Hilo. Mwambie Mjomba nimeomba.

Ni mimi mwanao,
Moani


Waimea, 2 Machi 1988

Mwanangu Moani,

Habari za huko? Natumaini kifurushi kimekufikia salama. Kaseti iko ndani ya soksi, na nyama kavu nimeifunga mara mbili isinukishe posta nzima. Sisi tupo. Siwezi kuandika kwamba hatujambo.

Gitaa nilimtolea siku ile ile barua yako ilipofika. Nilipofungua sanduku uso wake uling'aa, nikadhani yameisha. Akalipakata. Lakini mkono mmoja hauwezi kushika gitaa, kupiga uzi na kuulegeza kwa pamoja. Likateleza, likagonga sakafu. Akanitazama mimi. Akasema maneno mengi, polepole, kama anayemweleza mtoto. Akasubiri. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Baba, sielewi, nisamehe." Akasubiri tena. Mwishowe akalisukuma kwa mguu, na machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama.

Tangu hapo haniongeleshi sana. Anakunywa chai tu. Suruali imeanza kumpwaya, nimemtobolea mkanda tundu jipya. Nikimlisha anafumba mdomo, lakini jirani Bi Ululani akija na mchuzi wake anakula vijiko kadhaa. Niambie nielewe nini hapo. Mimi ndiye ninayemwogesha, mimi ndiye ninayembadilishia shuka, na chakula changu ndicho kinachomshinda.

Clifford atakuja Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Safari hii anakuja na gari kubwa. Nafasi imepatikana kule Hilo. Ananiambia, "Verna, wewe si muuguzi. Akifa mikononi mwako utajilaumu milele." Wakati mwingine nikimsikia babu yako anaongea peke yake barazani nafikiri labda Clifford yuko sahihi, labda ni kelele tu na sisi ndio tunaojidanganya.

Sikiliza kanda, unijibu upesi.

Mama yako,
Verna


Las Vegas, 14 Machi 1988

Mama,

Salamu. Mimi ni mzima. Nakuomba ukae chini kabla ya kuendelea kusoma.

Kuna bibi mmoja hapa anaitwa Lahela, mzaliwa wa kisiwa cha Niihau, huko ambako lugha haikuwahi kukatika. Alihamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mume. Nilimkuta kanisani akipanga vitabu vya nyimbo. Nikamsalimu kwa Kihawaii changu cha somo la nne. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Ndiye wewe unayetafuta vitabu na kaseti? Nimesikia habari zako. Unaongea kama mtalii aliyemeza kamusi."

"Ndiyo maana nimekuja, Bibi."

"Wanangu nilipotaka kuwafundisha walikimbilia televisheni. Sasa mmekuwa watu wazima mnakuja na vilio. Kitabu chako kimekushinda nini?"

Nilikuwa na redio kaseti mkobani, nikaiwasha hapo hapo kwenye benchi. Sauti ya Babu ikatoka. Bibi Lahela akaacha vitabu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kanda ilipofika mwisho akasema, "Irudishe." Tuliirudisha mpaka betri zikalegea.

Mama, Babu hajapotea. Bibi anasema anaongea kama wazee wa zamani waliokuwa wakihubiri, hakosei hata neno moja. Mwanzoni anaisifu mvua kwa jina lake, maana kwa wazee kila mvua ina jina. Kisha anauliza kama farasi wake wamepigiwa viatu, na hapo ndipo alipochanganya miaka kidogo, lakini nani asiyechanganya. Kisha anasema: "Nilegezee ki yangu, mkono umekufa. Nilegezee niisikie." Hilo ndilo alilokuwa anakuomba. Anataka mikono yako.

La mwisho Bibi hakutaka kuniambia. Nilimbembeleza. Babu anasema hivi: "Binti yangu amenikasirikia. Naongea naye, hanijibu. Nilimnyima ulimi, sasa naye ananinyima jibu."

Ndiyo sababu hali chakula chako, Mama. Bibi Lahela alishangaa kwamba sikujua. Kwa watu wa zamani, bakuli la poi likiwa wazi mezani haruhusiwi mtu kuwa na kinyongo. Anadhani wewe una kinyongo naye, kwa hiyo hawezi kugusa bakuli lako. Kwa Bi Ululani anakula kwa sababu Bi Ululani hana ugomvi naye. Hajui kwamba huelewi. Kiingereza kilipomtoka kiliondoka na kumbukumbu kwamba wewe ulilelewa nacho.

Nimeandika hapa namna ya kusema. Bibi amenisimamia mpaka nikaandika kama inavyosikika. *Aole au huhu, Papa.* Maana yake, sijakasirika, Baba. Hilo la kwanza. Akikubali kushika gitaa, *hoalu* ni legeza, *lawa* ni yatosha. Yeye atasema, wewe utazungusha.

Mwambie kabla ya Pasaka. Mwambie leo.

Mwanao,
Moani


Las Vegas, 8 Aprili 1988

Mama mpenzi,

Salamu za Pasaka, ingawa imeshapita. Mko salama? Nimepiga simu Jumatatu, Jumanne, na jana mchana kutwa. Inalia tu. Kwa Mjomba Clifford nako inalia tu. Bi Ululani sina namba yake.

Barua yangu ilifika? Nilibandika stempu za kutosha. Nawaza labda ilichelewa na Mjomba alifika kwanza. Nawaza labda ilifika, ukamwambia, na yeye hakuelewa matamshi yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika na mimi ni mtu wa kalamu iko juu ya meza. Nikimwambia Bibi Lahela hofu yangu ananijibu, "Fanya mazoezi ya somo lako, acha kuhesabu vifo ambavyo havijatokea." Kisha naye ananiuliza kila Jumapili kama nimepata habari.

Andika hata mstari mmoja.

Moani wako


Las Vegas, 15 Aprili 1988

Mama,

Sijui nikusalimu vipi. Bado simu inalia tu. Kama ni habari ya msiba, usiogope kuniandikia. Kukaa bila kujua ndiko kunakonimaliza.

Moani


Hilo, kwa Clifford, 20 Aprili 1988

Mwanangu Moani,

Salamu, na nisamehe. Barua zako mbili Bi Ululani ameniletea leo zikiwa na unyevu wa sanduku la barua. Babu yako yu hai. Nimeanza na hilo ili upumue. Sasa nikueleze kwa mpango.

Barua ya Bibi Lahela, maana naiita hivyo, ilifika mapema. Niliisoma mpaka karatasi ikachoka kwenye mikunjo. Lakini kumwambia, Moani, nilishindwa. Nilikuwa naingia bafuni nafungulia maji na kusema peke yangu, *aole au huhu*, halafu natoka nje namkuta barazani na ulimi unakufa. Nilijiona kama ninaigiza. Na kuna kitu kingine. Labda nilikuwa nimekasirika kweli. Si kwa ajili ya lugha tu. Kwa ajili ya mengi. Nilitaka kwanza nijue kama nitakuwa nasema kweli.

Jumamosi Clifford akafika. Akapakia begi garini, akakunja blanketi, akamwita, "Haya Baba, twende tukatembee." Babu yako akashika nguzo ya baraza kwa mkono wa kushoto. Clifford akamshika kiuno taratibu, na mzee akang'ang'ania. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri kuona mwanawe atafanya nini.

Nikasema, "*Aole au huhu*, Papa."

Akaachia nguzo. Nikarudia. Akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, akaongea kirefu, na katika yote hayo sikushika hata neno. Kwa hiyo nikatikisa kichwa, nikagusa masikio yangu, nikamwonyesha kwa mikono: sijui, Baba, sijui, hukunipa. Naye akayagusa masikio yangu, polepole. Nadhani ndipo alipokumbuka.

Clifford akauliza, "Umemwambia nini?" Nikamwambia, "Nenda kaniletee gitaa."

Nikalipakata mimi. Yeye akasema, *hoalu*, nami nikazungusha. Akasema tena. Niliogopa nalegeza mno, akanipiga kofi dogo begani kama anavyomhimiza farasi. Tukashuka uzi wa kwanza, wa pili. Wa tatu nilizungusha upande usio wake, ukakatika ukanichapa mkono. Nyumbani hakuna uzi wa akiba. Nilitaka kupiga yowe.

Clifford alisimama pale na funguo za gari mkononi. Akasema, "Uzi wa namna gani?" Nikampa kile kipande. Akaondoka na gari, na begi la mzee likiwa bado ndani. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu. Alizunguka kwa wachunga ng'ombe wa zamani, wenzake mzee, nyumba hadi nyumba, na mmoja akautoa kwenye gitaa lake mwenyewe akampa. Akarudi. Akaufunga uzi, akashusha begi, akalirudisha chumbani.

Tulipomaliza babu yako akasema *lawa*. Kisha akaniegemea kutoka nyuma, akapitisha mkono wake wa kushoto shingoni mwa gitaa, akanionyesha kwa kidevu nipige kwa kidole gumba. Yeye anabana, mimi napiga. Nilichelewa, nilikosea, na bado ile sauti ikatoka. Ile iliyokuwa ikipenya ukutani nikiwa mtoto kitandani. Clifford aliingia ndani, akakaa huko kitambo.

Jioni hiyo alikula poi bakuli zima.

Lakini baridi ya baraza ile ilimwingia kifuani. Jumapili alianza kutetemeka, usiku tukamkimbiza Hilo. Nimonia. Tangu hapo tunashinda na kukesha hospitalini mimi na Clifford, ndiyo sababu simu zote mbili hazikupokelewa, na kichwa changu hakikuwa na nafasi ya kalamu. Jana wameturuhusu. Anapumua kama mlango wenye kutu. Kesho tunarudi Waimea, sote wawili. Habari ya kule wanapotunza wazee haizungumzwi tena.

Mama yako,
Verna


Las Vegas, 29 Aprili 1988

Mama mpenzi,

Salamu kwako, kwa Babu, kwa Mjomba. Barua yako niliisoma kanisani kwa sauti, na Bibi Lahela akaondoka katikati, akasema amesahau kitu kwenye gari. Hana gari.

Nimeomba likizo, wamenipa. Nafika tarehe 21 Mei. Naogopa, Mama. Naogopa kuchelewa, na nikiwahi naogopa nitafungua mdomo mbele yake na yeye atacheka au hatanielewa. Bibi ananipeleka kwa kasi sasa. Tumeacha kalamu na meza, ananifanya nimgombeze, nimbembeleze, nimwombe msamaha, ati ndizo kazi za lugha.

Nakuomba kitu kimoja. Niandikie ki ya Babu. Uzi upi umeshuka, na umeshuka mpaka wapi. Ikiwa sitawahi, angalau niwe nayo.

Mwanao,
Moani


Waimea, 9 Mei 1988

Mwanangu Moani,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii inakukuta ukifunga mizigo. Leta koti zito. Mimi ni mzima, na hata miguu imepungua kuvimba, maana nakaa sana.

Babu yako sikufichi hali yake. Ana nguvu asubuhi, mchana analala, na kifua bado kinalia. Daktari anasema tusimtarajie kupita kiasi. Lakini anakula.

Nilimwambia kuhusu ombi lako. Sasa tunazungumza kwa vipande vyangu na mikono yake, na Bi Ululani ana jamaa anayejua zaidi, anapita Jumatano. Nikamweleza kwamba Moani anataka ki iandikwe, iende kwa posta. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Aje aisikie." Kwa hiyo sikuandikii. Nimeikariri kwa vidole, haitapotea, na hata usipowahi utaipata kwangu. Lakini wahi.

Nina jambo jingine. Wiki iliyopita, jamaa wa Bi Ululani akiwepo, babu yako alieleza ki hiyo ameitoa wapi. Mimi siku zote nilidhani ni ya wachunga ng'ombe, ya wanaume wa ranchi. Kumbe ni ya mama yake. Alikuwa akipigia nyuma ya nyumba baada ya kufua, hakuwahi kupiga mbele ya watu, na babu yako akiwa mtoto aliisikia kupitia ukutani. Kama mimi.

Kisha akaniita. Nikaja. Akaita tena, na jina alilotaja halikuwa Verna. Nikafikiri amechanganya, ananiita mama yake. Nikamwambia jamaa yule, "Mwambie mimi ni binti yake." Akamwambia. Babu yako akajibu kwa hasira kidogo, na yule mtu akanigeukia akasema, "Anasema anajua wewe ni nani. Anasema ulipozaliwa wewe, bibi yako alikupa jina lake kabla hajafa, na mzee akaogopa kuliandika, akaandika la Kiingereza. Anasema amekuwa akikuita moyoni tu. Anauliza kama utaitika."

Mwanangu, nina miaka hamsini na sita. Nilisimama pale na taulo la vyombo begani.

Niliitika.

Tunakungoja. Ukifika getini usibishe hodi kwa Kiingereza.

Mama yako,
Kauanoe